Kadi ya Droo ya Tisa

Kwenye kadi, kwa penseli, mtu aliandika *jembe*,
akalikata.
Akaandika *mkuki*, akaukata pia,
akaacha alama ya kuuliza yenye mkia mrefu
akaenda zake kustaafu.

Mimi ndiye niliyeirithi droo.
Ghorofa ya chini ya makumbusho, chumba bila dirisha,
Nairobi nzima ikinipita juu ya utosi,
nami na kile chuma tunatazamana:
shubiri moja na nusu, kutu imekitafuna ukingo,
shingo fupi, ubavu mwembamba kama ganda la mgomba.

Vitabu nimevisoma. Najua habari za Meroe,
vilima vya mavi ya chuma vilivyobaki vimesimama
na miti iliyoyeyusha madini ikawa majivu zamani.
Nawajua wafalme waliohesabu mikuki kabla ya watu,
misafara iliyokwenda na shanga ikarudi na pembe,
mrija wa udongo uliopokea pumzi ya mvukuto
usiku kucha, zamu kwa zamu.
Lakini hakuna ukurasa unaojua
hiki kilichomo kiganjani mwangu kilifanya kazi gani.

Jumamosi nikakichora kwa kipimo chake
(kukitoa nje ni kufukuzwa kazi),
nikaandika uzito pembeni, nikashuka Kamukunji
kwa Syombua Muthengi.

Kule hanong'oni mtu. Nyundo zinabishana
tangu alfajiri na hakuna inayokubali kushindwa.
Pipa la mafuta linachanwa liwe karai,
karai lililotoboka linakunjwa liwe jiko.
Syombua alikuwa akifua mikuki.
Mikuki ya geti: ncha, mabawa, shina,
dazeni kumi za nyumba moja ya Lavington.
“Inachoma?” nikauliza.
“Inachoma macho tu. Mwizi hupandia kwa jirani.”

Akajifuta mikono, akaishika karatasi mbali na uso.
“Unene hapa katikati?”
Nikamwambia.
“Na hapa shingoni, kuna tundu? Kuna alama ya mpini?”
Hakuna.
Akanyamaza kiasi cha mapigo kumi ya nyundo ya jirani.

“Ukilima nacho, asubuhi moja tu kimepinda.
Ukimrushia adui, atakicheka, atakuokotea.
Lakini tazama mabega haya yalivyolingana.
Huyu alikuwa fundi, tena fundi hasa.
Hakukosea. Alitaka kiwe hivi hivi.”

“Kiwe nini?”

Akafungua fundo la leso,
akachomoa noti ya hamsini, akainyoosha mbele yangu.
“Hii wewe unalima nayo?”

Nikakaa juu ya pipa bila kuombwa.
Nikakiona kinatoka mkono hadi mkono,
kimefungwa kumikumi kwa kamba ya ukonge:
chumvi kiasi hiki, mbuzi wawili, mahari ya binti,
fidia ya kijana aliyetekwa kwenye vita vya mpakani
akarudi nyumbani amekonda, hasemi.
Na kila aliyekipokea alikiweka juu ya dari
akajua: njaa ikija, nitakipeleka motoni, kitalima;
adui akija, nitakipeleka motoni, kitachoma;
na visipokuja vyote viwili
kitalala tu, kikiwa ghali.

“Ushauri ni mia tano,” Syombua akasema.
Nikalipa. Simu yake ikalia ndani ya aproni,
hakuitazama. Akaokota nyundo.
Mkuki wa themanini na moja.

Jumatatu nimeivuta droo.
Chini ya maneno mawili yaliyokatwa
nimeandika *pesa*, na kwa herufi ndogo:
*kwa mujibu wa S. Muthengi, fundi, Kamukunji.*
Mkuu wangu atauliza huyo ana shahada gani.
Alama ya kuuliza sikuifuta.
Nimeikata mkia tu.