Familia ya Watu Wanane

Mwaka tulioambiwa tuchague,
wajanja walikimbilia kemia na biashara.
Sisi kumi na saba tukabaki na Sayansikimu,
chumba cha mwisho, nyuma ya kanisa dogo la shule,
ukuta ukitoa jasho kila mvua ya Bukavu inapoamua.
Cherehani tatu, moja haina sindano.
Jiko la mafuta ambalo halikuwahi kuonja mafuta.
Na bango la rangi: yai, jibini, glasi ya maziwa,
samaki mnene, mwekundu,
ambaye hata wauza sambaza wa Kadutu wasingemjua jina.

Madamu Cibalonza, koti jeupe la mifuko minne
alilojishonea mwenyewe,
akaandika ubaoni kwa herufi za kulala:
Familia ya watu wanane. Faranga elfu kumi. Siku moja.
Milo mitatu. Protini isisahaulike.
Chaki ikakatikia hapo.

Mimi nilikuwa hodari wa kuandika wanachotaka.
Nikapika kwa kalamu: uji wa soya wenye maziwa,
mayai manane, kila mtu na lake,
machungwa. Nikatia hata siagi.
Bei nilizitunga kama mtu anayesimulia ndoto,
na jumla ikakaa, haikumwagika faranga.
Nyumbani kwetu yai lilikuwa la mgonjwa,
na mgonjwa mwenyewe awe ameugua kweli.
Tisa juu ya kumi. "Vizuri sana, Ntakwinja."

Nsimire wa dirishani aliandika hivi:

Unga wa mihogo, elfu tatu.
Sombe, elfu moja. Mawese, elfu moja.
Makala, elfu mbili, maana yamelowa, yanakula mengi.
Chumvi, mia tatu. Sabuni, kipande, mia tatu.
Maji, bidoni mbili, mia nne,
kwa sababu bomba la Nyamugo lina siku zake.
Likelemba, elfu mbili.

Tatu juu ya kumi.
Na pembeni, kwa wino mwekundu: Chai ya asubuhi iko wapi?

Nsimire akasimama. Hakuwa na hasira,
alisema kama mtu anayerudisha chenji:
"Iko kwenye likelemba, Madamu.
Mwezi wa sita ni zamu ya mama.
Mwezi wa sita tutakunywa chai."

Kuna mtu alicheka. Nadhani ni mimi.
Madamu akaichukua ile karatasi, akaijumlisha upya,
midomo ikitembea bila sauti,
elfu kumi kamili.
Akafungua kalamu. Akaifunga.
Tatu ikabaki tatu.

Lakini juma lililofuata bango halikuwepo,
misumari minne tu na mraba mweupe wa ukuta,
na ubaoni swali ambalo halimo katika kitabu chochote:
Likelemba ya watu kumi na wawili. Mmoja amefiwa.
Zamu inakwenda kwa nani?
Kengele ililia tukiwa bado tunabishana,
na wa kemia wakachungulia mlangoni
kuuliza tunapigania nini.

Leo nina nyumba. Watu wanane,
sikupanga, walifika mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake.
Asubuhi napanda Kadutu, matope hadi kifundoni,
napima sambaza kwa jicho kabla ya kikombe,
natajiwa bei, nageuka, naitwa, narudi.
Daftari langu la tisa juu ya kumi
lilikwisha zamani, lilifungia watu karanga.
Karatasi ya Nsimire ndiyo niliyobaki nayo kichwani.
Bei zake zimekufa zote, mpangilio ni mzima:
unga, majani, mafuta, moto, chumvi, povu, maji,
kisha kile kidogo unachokificha
kisiliwe leo.

Yeye alihamia Uvira. Wanasema ana cherehani mbili,
zote na sindano.
Tulikutana mara moja, bandarini, tukaongea habari za watoto.
Sikumwuliza
kama mwezi wa sita walikunywa.