Mkono wa Kushoto

Siku sita walitufundisha kupogoa mizabibu,
kana kwamba Hombolo hatuna visu.
Ya saba wakatuachia mji: nendeni mkatembee.

Dijon. Mama mkwe hutamka Dijoni,
kama anaita mbuzi.

Nilitembea shingo juu.
Mapaa ya vigae vya njano, kijani, vyeusi,
yamepangwa kama shanga za bibi harusi.
Majitu ya mawe yamechungulia kutoka ukutani,
midomo wazi, hayasemi kitu.

Kisha, ubavuni mwa kanisa, foleni.
Nikadhani ni ya maji.

Kumbe bundi.
Bundi wa jiwe, hazidi ngumi ya mtoto,
na watu wazima, wenye viatu vya maana,
wanapanga mstari kumpapasa.
Uso umelika. Macho hana tena.
Chilongani, katibu wetu wa ushirika, akaninong'oneza:
ni kwa mkono wa kushoto, wa upande wa moyo.
Unaomba jambo moja. Hulitaji.

Mimi? Kwa bundi?
Na mkono huu, ambao mama aliuchapa mwiko
kila ulipoisogelea sahani ya ugali?

Foleni ilisogea, nami nimo.
Jiwe lilikuwa na joto
la viganja vya walionitangulia.
Niliomba. Silitaji.

Sasa ni Agosti. Zabibu zimeiva,
zimepitiliza, nyuki wanalewa mchana kweupe.
Mnunuzi anakuja Jumatatu.
Kila wiki anakuja Jumatatu.

Jana usiku, juu ya nguzo ya tatu ya shamba,
akalia.
Mama mkwe alitoka na kijinga cha moto,
kanga imefungwa ovyo:
"Mtupie! Ana jina la mtu mdomoni huyo!"

Nilikipokea kwa mkono wa kulia, kwa adabu,
nikaingia kati ya mistari ya mizabibu.
Kichwa kikageuka chote, mwili umetulia.
Macho anayo. Mawili, ya njano.
Hakuna aliyewahi kuyasugua.

Kijinga kikafifia, kikaniachia moshi.
Mkono wa kushoto, bila kuniomba ruhusa,
ulikuwa umeshapanda hadi usawa wa bega.

Nyumbani nilisema nimemtupia. Uongo.
Nilimwambia tu, kwa sauti ya mtu anayefuata deni:
msalimie ndugu yako wa jiwe.
Mwambie yule mama wa Hombolo anauliza,
Jumatatu ipi?