Jani la Mkungu

Wa kwanza nilimuua kwa haraka.
Niseme hivyo, nisimsingizie mtu:
glasi ya sharubati, vijiwe vya rangi,
maji ya bomba yakinuka dawa bado,
nami najisifu, "Tazama anavyometa."
Siku ya nne akalala ubavu.

Huyu wa pili amengojewa.
Wiki tano tangi la lita ishirini
limekaa juu ya meza ya cherehani iliyokufa,
chumbani kwangu Makorora, halina mtu.
Mchanga si wa Raskazone, ule una chumvi na kombe;
ni wa mto Zigi, nimeuosha
mpaka ndoo ya saba ikaona kitako chake.
Mmea nimeufunga kwenye gogo.
Mara ya kwanza kwa uzi wa katani
(mtu wa Tanga ningetumia nini?)
ukavimba, ukaoza, ukanuka.
Nikafumua pindo la kanga kuukuu.
Pamba ikashika.
Kipasha maji sikununua. Joto tunalo.

Mama Mhina wa chini, mkaanga samaki,
alipanda kudai sahani yake, akachungulia.
"Singano, tangi zima, hamna hata dagaa?"
Nikamwambia maji yanaiva.
"Yanaiva bila moto?"
Bila moto. Kuna vidudu havionekani,
vinajenga kwenye sponji, kwenye mchanga,
vinangoja uchafu wa samaki viule.
Alicheka mpaka akashika mlango.

Alhamisi akarudi na jani la mkungu,
kavu, jekundu, limeanguka lenyewe.
"Si ulisema wanapenda?"
Sikumbuki kusema. Nikalichemsha, nikalizamisha.
Kulipokucha maji yalikuwa chai ya rangi
iliyosahauliwa mezani.

Leo nimemwingiza.
Mfuko ulielea kwanza, nusu saa,
kisha kikombe cha maji ya tangi, kisha kikombe,
kama kumzoeza mtoto uji.
Ni bluu, ncha za mapezi zina moshi.
Mdomo wa kichujio nimeuvisha sponji,
mkondo usije ukamburura
kama gauni la bi harusi kwenye upepo.
Juu kuna kifuniko, huyu huruka.
Na hana mwenza. Si ukatili:
akimwona ndugu yake humrarua,
akijiona kwenye kioo hakosi ugomvi.

Mama Mhina yuko kwenye kigoda,
mikono inanukia mafuta na ndimu.
Samaki wangapi wamepita mikono hiyo?
"Huyu," anauliza, sauti ya msibani,
"huyu jina lake nani?"
Sijampa.
Anapanda juu, anameza hewa tone moja,
anashuka kujificha chini ya jani.
"Jani langu hilo," anasema Mama Mhina,
anajifuta vidole kwenye kanga, mara mbili,
kabla ya kugusa kioo.

Huko chini mafuta yake yanaungua,
harufu imeshafika ngazini.
Haondoki.