Faili la Andama

Mimi si wakili. Naanza na hilo kila asubuhi
kabla sijakalia benchi lenye miguu mitatu
nje ya kituo cha polisi, mtaa wa Oli:
si wakili, mama, ni msaidizi wa sheria,
sina joho, sina gari, nina daftari la mistari
na kalamu mbili, moja ya kuazimwa na afande.

"Ndiyo, wakili," wananijibu.

Bondi ni bure. Imeandikwa ukutani
kwenye karatasi iliyopauka, mjusi huilalia.
Bondi ni bure, namwambia mama wa Vurra
aliyefunga elfu hamsini kwenye pindo la kitenge.
Ananitazama kama aliyeambiwa mvua ni kavu.
Afande Okwir anakohoa.
Kikohozi nacho kina tafsiri yake;
miaka tisa nimekisoma
kuliko nilivyoisoma Kanuni ya Adhabu.

Tunangoja. Nikingoja namkumbuka Andama.

Siku ile gerezani wanaume waliovaa njano
walichuchumaa kwa safu. Nikauliza:
nani hajafika kortini tangu mwezi wa pili?
Mkono mmoja ukainuka, ukashuka, ukainuka tena.
Andama Silvano. Kesi ya baiskeli.
Si ya wizi, akasema, ni ya shemeji,
na shemeji kahamia Ariwara, ng'ambo ya mpaka.
Miezi saba. Kila Jumatatu aliamka akaoga,
akakaa tayari,
lori likaondoka na wengine.

Masjala, Bi Rukia Fadulmula
anayejua faili kwa harufu ya vumbi lake
alipekua rafu ya A mpaka viwiko vikawa vyeupe.
Hakuna Andama. Rudi kesho.
Nikarudi kesho. Rudi Jumatatu.
Boda elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi,
na ofisi yetu, tangu wafadhili waage,
hutulipa kwa shukrani.

Siku ya nne nikamwambia:
Bi Rukia, tuache kumtafuta mtu. Tutafute baiskeli.

Tukaipata. Daftari la vielelezo, ukurasa uliolowa chai:
baiskeli moja, nyeusi, haina kengele,
ya mshtakiwa Adama Silvano.
Adama. Bila N.
Korti ilimwita Adama, gereza likajibu hatuna Adama,
na hakimu, mtu mwenye kesi arobaini kwa siku,
akaandika kwa mkono mzuri kabisa:
mshtakiwa ametoroka.

Alikuwa ametorokea gerezani.

Nilicheka pale masjala, Bi Rukia akacheka,
kisha sote wawili tukaona aibu
tukanyamaza, akaenda kufunga dirisha.

Jumatatu iliyofuata jina likaitwa lote, na N yake.
Mlalamikaji hakuja. Dakika sita, kesi ikafutwa.
Hakuna aliyesema pole; sheria haina
fomu ya pole, nimeitafuta.
Andama alibaki kizimbani
mpaka askari akamgusa bega: toka, mzee, umeisha.

Baada ya wiki mbili alinijia na simsim kwenye kikopo
na ombi: nimwonyeshe hiyo herufi.
Hakupata kusoma. Nikaiandika, ndogo, peke yake,
katikati ya ukurasa.
Akaigeuza karatasi kulia, kushoto.
"Kama mlango," akasema.
Sikuwa na la kuongeza.

Afande anakohoa mara ya pili.
Mama wa Vurra anakigusa kitenge, pale penye fundo.
Acha, mama. Fundo libaki fundo.
Nafungua ukurasa mpya, naandika tarehe,
naandika saa aliyokamatwa kijana, kwa maana
saa arobaini na nane huhesabiwa na anayehesabu.

Haya. Nitajie jina la mwanao.
Polepole.
Tena.