Dirisha la Kijani

Gari jeusi linakata kona kilimani Barón
na kutokea Playa Ancha,
ng'ambo kabisa ya mji, kufumba na kufumbua.
Ukumbi mzima unaangua kicheko.
"Nionyesheni na mimi njia hiyo!"
anapaza sauti Baldomero wa teksi,
"naitafuta mwaka wa thelathini huu!"

Hakuna anayemhurumia jambazi.
Tunazihurumia ngazi,
zile mia na kumi na mbili
tunazopanda na mitungi ya gesi begani;
gari linaziteremka kwa tumbo,
cheche, vyuma, meno ya mtu yanagongana.
Kibanda cha matunda kinapaa.
"Machungwa ya plastiki hayo," Nélida anamnong'oneza jirani.
"Nililipwa kuyapanga. Hata moja hawakuniachia."

Watoto wa mstari wa mbele wanaendesha viti,
wanakanyaga breki zisizokuwepo.

Mimi nimefuata sekunde moja tu.
Dirisha la kijani, pazia,
mkono unaolivuta kulifunga.
Mama alichoshwa na makelele yao siku ile,
hakujua kamera inazunguka.
Likapita jeusi, likapita la polisi,
na katikati yao mkono wake:
pete, unga wa ngano hadi kiwiko.

Ana miezi minane kaburini.

Wenzangu wakashangilia mlipuko. Sikuuona.
Taa zilipowaka, bisi zilikuwa zimenimwagikia mapajani,
na Baldomero mlangoni anauliza nani anapanda naye,
anaapa ataendesha polepole.

Nikarudi kwa mkata tiketi.
Moja, nikamwambia. Ya saa tatu usiku.
Kiti kilekile.