Banda la Kusogea

Mara ya kwanza nililijenga kama mlango wa benki.
Nguzo za mlingoti, mabanzi ya msindano
niliyoyabeba kutoka kiwandani, njia ya Mafinga,
misumari ya inchi nne, bati jipya.
Nikalisukuma kwa bega. Kimya.
Nikamwita Oresta aje aone kazi ya fundi.

Alilizunguka, mikono ndani ya kitenge.
"Sasa hili," akauliza, "linasogeaje?"

Tulikuwa sita, na Kikoti jirani wa saba,
na banda likakaa palepale lilipozaliwa
kama mgeni aliyekutana na ulanzi uliolala.
Kuku wanane wakatutazama.
Jogoo, kwa heshima, akageukia pembeni.

Miaka thelathini nimetengeneza vitu vya kutulia:
vitanda, makabati, fremu za milango,
na yale masanduku ambayo mwenyewe halipii.
Hakuna aliyewahi kuniambia, fundi, punguza.

Nikalifumua mwezi wa sita,
sakitu imelala juu ya majani ya viazi,
vidole havisikii nyundo.
Nikashuka bondeni kwenye mianzi ya baba,
ile iliyogemwa mpaka ikakauka,
nikaipasua, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli.
Wavu pande tatu, upande wa upepo gunia la mbolea,
chini hakuna kitu. Chini ni majani.
Mbele mipini miwili, nyuma miwili,
kama ile machela tuliyombebea mama
masika yale barabara ilipokatika,
Oresta mbele, mimi nyuma,
na hatukuzungumza mpaka zahanati.

Sasa kila alfajiri, ukungu haujaiachia chai,
tunainama.
"Haya?"
"Haya."
Hatua tatu. Kuku wanatembea humo ndani,
wanahama nyumba ikiwa juu ya vichwa vyao,
wanakuta umande ambao haujakanyagwa, panzi ambaye hajaamka.
Nyuma unabaki mstatili uliochakurwa na kusamadiwa,
na baada ya wiki mbili, kama mvua ipo,
unakuwa kijani kuliko shamba lote.

Ukisimama barabarani unaweza kuzisoma siku zetu:
pale tuligombana, likaenda kombo;
pale nilikuwa na homa, likalala siku nne,
majani yakaungua, mpaka leo ni kipara;
pale kicheche alichimba usiku
akaondoka na tetea mwekundu, yule wa mayai mawili mawili.
Tangu hapo napanga mawe.

Kikoti alikuwa akituuliza, kwa mzaha, safari inaishia wapi.
Kwenye mpaka wako, nilimjibu, halafu tunageuza.

Juzi jioni alikuja peke yake,
akasimama ng'ambo ya mpaka, kofia mkononi.
"Kamwene, fundi."
Akatazama mahindi yake, mekundu kabla ya wakati.
"Likifika hapa, msigeuze.
Lipitisheni tu. Udongo wa huku umechoka."

Nilikuwa bado natafuta la kusema.
Oresta alikuwa keshashika mpini.