Daftari la Maji

Wageni wakija bonde la Vakhsh na vinasa sauti
huuliza: mlianza lini kuchukiana?
Nasi hutazamana, mimi na Savrinamo,
kama wanafunzi waliosahau jibu.

Unga ulikwisha. Hilo nalikumbuka.
Mwaka ule mishahara ilipokoma
mtu mmoja akaketi na kalamu
akaandika nani apate mkate,
akaanza na wajomba zake.

Kisha yakaja matamshi. Ukiomba non
kwa lafudhi ya milimani
foleni nzima iligeuza shingo.
Bunduki zilifika mwisho, chini ya marobota ya pamba,
zikakuta kazi imekwisha fanywa.

Kaka yangu Fathullo kazikwa ng'ambo ya mfereji.
Mume wake, upande huu.
Hatujaulizana nani alimpiga nani.

Amani haikuja na njiwa.
Ilikuja na kiangazi:
mfereji mmoja, lango moja la chuma,
mashamba mawili ya vitunguu yamelegea kama matambara.
Tukanunua daftari la shule, kurasa arobaini na nane.
Yeye Jumatatu. Mimi Jumanne.
Ijumaa tuligombania miezi mitatu.

Jana kaniibia dakika ishirini.
Nilimtukana mpaka mbwa wakanyamaza,
nikamtaja hadi bibi yake.
Akalamba ncha ya penseli,
akaandika pole pole: *nadaiwa, ishirini*,
akanisogezea bakuli la zabibu kavu.

Nikala.
Lakini dakika zangu nitazidai.